Supavaiza kairudisha rigresheni yangu ya uongozi na utendaji, naombeni msaada

Mwl_Kihonda: Wakuu habari za jioni. Data za masta nimeshakusanya, mada ni uongozi wa wakuu wa shule na utendaji wa walimu, shule 12 za sekondari, kila shule walimu 15, jumla 180. Uongozi nimepima kwa MLQ, dodoso la mitindo ya uongozi la Bass na Avolio, mwalimu anampima mkuu wake, utendaji mwalimu kajipima mwenyewe, kwa alama za Likert 1 mpaka 5. Alfa ya Cronbach (kipimo cha uaminifu wa dodoso) 0.84, nikapiga rigresheni, yaani hesabu ya kuona kama uongozi unaendana na utendaji, kwenye programu ya SPSS, p chini ya 0.001, yaani ni vigumu matokeo kuwa ya bahati tu, nikashukuru Mungu. Leo supavaiza kaandika pembeni kwa wino mwekundu, "hawa 15 wana mkuu mmoja, umewahesabuje?" Sijamwelewa, si alfa imevuka 0.70 inayokubalika?

takwimu_baba: Alfa haiingii hapa mkuu, yenyewe inakwambia tu maswali yako yanaendana. Supavaiza yuko sahihi kabisa. Rigresheni ya kawaida inamchukulia kila mwalimu kama shahidi anayejitegemea, sasa hao 15 wanakunywa chai stafu rumu moja, wanamjadili mkuu yuleyule, lazima majibu yafanane. Pima ICC kwanza, yaani majibu ya walimu wa shule moja yanafanana kiasi gani. Tuseme imetoka 0.10 tu, unachukua 1 + (15 − 1) × 0.10 unapata 2.4, gawa 180 kwa 2.4, ni kama umebaki na watu 75 wanaojitegemea!! Kwa hiyo hiyo p usiiamini bado. Nenda modeli ya ngazi mbili, mwalimu ndani ya shule, programu ya R ni ya bure na ina kifurushi cha lme4 cha kazi hiyo, ila shule 12 ni chache so tumia REML na marekebisho ya Kenward-Roger, ni njia za kukokotoa zinazofaa makundi yakiwa machache.

Dada Mchambuzi: Mimi kinachonisumbua zaidi ni kwamba mtu mmoja kajibu pande zote mbili. Mwalimu aliyeamka vizuri siku hiyo atampa mkuu 5 na yeye atajipa 5, hapo umepima furaha yake tu. Yalinikuta kwenye utafiti wangu, nilipoweka alama za msimamizi badala ya za mtu kujipima uhusiano ukashuka vibaya sana, nililia. Huwezi kupata alama za PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, au lile daftari la vipindi analotunza monita?

Mwl_Kihonda: Dodoso hazina majina dada, nina namba ya utambulisho (code) ya shule tu 😔

Dada Mchambuzi: Basi wagawe kwa bahati nasibu ndani ya kila shule, nusu uchukue majibu yao ya uongozi tu, nusu nyingine ya utendaji tu, halafu wastani kwa shule. Utabaki na nukta 12, chache ndiyo, lakini hakuna mtu ambaye majibu yake yametumika pande zote. Iweke sambamba na ile modeli ya ngazi mbili, msomaji aone zote.

takwimu_baba: Na kwenye kichwa cha utafiti toa "athari" weka "uhusiano", umekusanya mara moja tu, inawezekana walimu wazuri ndio wanaomfanya mkuu aonekane kiongozi.

Mwl_Kihonda: Hilo la mwisho sikuwahi kuliwaza kabisa. Naanza na ICC usiku huu, nitawaletea namba.