Babu Anasikia Kabla Yetu

Kikundi: Ukoo na Redio 📻

Saa 1:56 usiku

Babu: Dakika nne tu. Mmekaa?

Neema: Shikamoo Babu. Nimekaa, hedifoni masikioni.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Na huyo mwenzio?

Idi: Shikamoo Babu, nipo. Natafuta chaja.

Shangazi: Idi na chaja! Kila wiki saa kama hii.

Baba Mdogo: Shikamoo Baba. Mimi niko zamu ya usiku, huku sauti hairuhusiwi. Niandikieni yanayosemwa, nitakuwa nachungulia.

Babu: Marahaba. Utaandikiwa.

Neema: Babu, sharti letu ni lile lile. Usiandike kitu mpaka na sisi tukisikie!

Babu: Kosa langu nini? Redio imesema, nami nimesema.

Idi: Redio yako inadaka mawimbi moja kwa moja. Za kwetu zinapitia intaneti, simu inajiwekea akiba ya sauti kwanza ndipo inaitoa. Wiki iliyopita nilipima, tuko nyuma yako sekunde 40.

Babu: Nunueni redio.

Shangazi: 😂😂 Baba jamani

Saa 2:04

Babu: Bahari.

Neema: BABU

Babu: Nimesema bahari. Sijasema wamefanya nini nayo.

Shangazi: Mdogo wangu, kwa faida yako: mada ya leo ni ule mkataba wa bahari kuu, yaani maji yaliyo nje ya maili 200 za baharini kutoka pwani, ambayo si ya nchi yoyote. Ni karibu theluthi mbili ya bahari zote. Umoja wa Mataifa uliupitisha Juni 2023, ukasubiri nchi 60 ziuridhie, ukaanza kutumika 17 Januari 2026.

Baba Mdogo: Cha wote hicho. Na cha wote hakina mchungaji.

Shangazi: Ndivyo alivyosema mgeni wa studio, ila yeye amechukua dakika kumi na mbili.

Neema: Mimi nimenasa pale pa viumbe vya kilindini. Ukichukua mdudu wa huko, ukapata dawa ndani yake, faida usile peke yako.

Idi: Sawa, lakini doria anapiga nani? Meli ikivua usiku katikati ya bahari ataiona nani?

Babu: Hilohilo mtangazaji kauliza. Subiri usikie anavyozungushwa.

Idi: Duh. Kazungushwa kweli. "Utashi wa kisiasa" mara tatu.

Shangazi: Nne. Nilikuwa nahesabu.

Saa 2:29

Babu: Sauti yangu inakuja na kwenda, kama mtu anayesimulia huku anabembea. Halafu nieleze Idi, wewe si ndiye msomi. Mchana stesheni hii siipati hata kwa dawa. Usiku inakuja yenyewe. Kwa nini?

Idi: Babu unasikiliza masafa ya kati, si ndiyo? Huko juu angani kuna matabaka yenye chaji ya umeme. La chini kabisa, wanaliita tabaka D, linatengenezwa na jua na linameza mawimbi ya masafa hayo. Jua likizama linatoweka. Mawimbi yanapita, yanafika matabaka ya juu zaidi, yanapindishwa na kurudi ardhini mbali sana na yalikotoka.

Babu: Na huku kubembea?

Idi: Yanakufikia kwa njia zaidi ya moja. Yakikutana yakiwa sawa, sauti inapanda. Yakipishana, yanafutana. Na hayo matabaka hayatulii, kwa hiyo ni kupanda na kushuka usiku kucha.

Babu: Kumbe miaka yote hii naipiga redio makofi bure.

Shangazi: Na ilikuwa inapona 😂

Babu: Ilikuwa inapona!

Saa 2:37

Neema: Haya sayansi imeanza. Ba'mdogo, leo ni Voyager 1, chombo cha anga za mbali.

Baba Mdogo: Ile iliyorushwa enzi za kina Baba? Bado iko hai?

Neema: Septemba 1977. Iko hai, ila iliwahi kupata kwikwi. Novemba 2023 ikaacha kutuma maneno yenye maana, ikawa inarudia mpangilio uleule wa moja na sifuri. Yaani simu inaita, unapokea, upande wa pili ni pumzi tu.

Idi: Walikuja kugundua ni chipu moja ya kumbukumbu imekufa, yenye kama asilimia 3 ya kumbukumbu ya ile kompyuta. Sasa fundi haendi huko. Wakazikata programu zilizokuwa kwenye chipu hiyo vipandevipande, wakavipachika kwenye pembe zilizobaki wazi, kisha wakarekebisha kila mahali panapovitaja ili kompyuta ijue vilikohamia.

Shangazi: Kama kuwapa wageni malazi nyumba ikiwa imejaa. Huyu na watoto, huyu sebuleni, yule kwa jirani, halafu uwaambie watu wote nani yuko wapi.

Idi: Hiyo hiyo Shangazi. Na kompyuta yenyewe ya miaka ya sabini.

Babu: Mmefika kwenye saa 22?

Neema: Babuuu! Bado!

Neema: Haya tumefika. Ba'mdogo, wakati ule ilikuwa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Mawimbi ya redio yanakwenda kwa kasi ya mwanga na bado yalitumia saa 22 na nusu kufika. Amri ya kwanza ya matengenezo waliituma 18 Aprili 2024. Jibu wakalipata tarehe 20. Siku mbili kusubiri kujua kama umeponya au umeua.

Baba Mdogo: Na nyie mnalia kwa sekunde 40.

Babu: 👏🏾👏🏾👏🏾 Mwanangu huyo!

Idi: Hapa pa umeme wa kurushia matangazo sikuamini, nikaenda kuhakikisha. Wati 22 au 23 hivi. Taa ndogo! Huku ardhini wanaudaka kwa madishi yenye upana wa mita 70. Na umeme wote wa chombo unatokana na joto la plutoni, ambalo linapungua. Kila mwaka wanapoteza kama wati 4, ndiyo maana wanazima kifaa kimoja baada ya kingine.

Babu: Kama sisi. Goti kwanza, kisha macho.

Shangazi: Baba usianze.

Saa 2:50

Idi: Subirini. Mtangazaji ameitaja ile santuri iliyobebwa na Voyager, ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu kwa lugha 55 kwa yeyote atakayeikuta huko. Nimeitafuta orodha nikaisoma yote. Kiluganda kimo. Kinyanja kimo. Kisotho kimo. Kiswahili hakimo.

Babu: Rudia.

Idi: Hakimo Babu. Nimepitia mara mbili.

Babu: Kiarabu?

Idi: Kimo. Kigujarati kimo. Kireno kimo.

Shangazi: Yaani wote waliotukopesha maneno wamo, aliyekopa kabaki nje 😂

Idi: Kisumeri kimo. Hicho hakijapata msemaji kwa maelfu ya miaka. Na Kiakadi, na Kihiti.

Babu: Wafu watatu wamesalimia, sisi tulio hai tumenyamaza. Sijafurahi hata kidogo.

Neema: Tungekuwemo tungesema nini? Mimi naona "Shikamoo".

Shangazi: Hapana. Shikamoo ni ya mdogo kwa mkubwa. Unajuaje hao ni wakubwa zako? Huenda wana miaka mitatu.

Idi: "Mambo vipi."

Babu: Umlete mbele za watu wa sayari nyingine huyo na "mambo vipi" yake.

Baba Mdogo: Hodi.

Shangazi: Eh?

Baba Mdogo: Unafika kwa watu usiowajua, hujui kama wamelala, hujui umri wao, hujui kama wanakutaka. Unasimama nje unasema hodi. Ukijibiwa, ndipo salamu.

Neema: Ba'mdogo 😭 hiyo ndiyo.

Babu: Huyu nilimlea mwenyewe.

Saa 3:02

Shangazi: Vitabu sasa. Nyamazeni, hiki ndicho kipindi changu.

Shangazi: Mada ni tafsiri. Wanaanza na Mwalimu Nyerere na Shakespeare. Alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, tayari ni Waziri Mkuu aliyegeuka Rais, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Idi: Rais anakaa usiku anatafsiri tamthilia?

Babu: Alikuwa mwalimu. Mwalimu haachi.

Shangazi: Mgeni anasema jina la pili ni kosa. Kwamba la Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja, Antonio. Mwalimu ameweka "mabepari" kwa sababu ya siasa, maana Azimio la Arusha lilikuwa la 1967, bado la moto.

Baba Mdogo: Ngoja. Bepari ni neno la Kihindi, maana yake mfanyabiashara tu. Kamusi za zamani zinampa maana hiyohiyo, mchuuzi, mtu wa biashara. Matusi yamekuja baadaye.

Babu: Kweli. Utotoni mwangu ukisema fulani bepari, humtukani. Una maana ana duka.

Shangazi: Kwa hiyo Mwalimu alipata neno lenye sura mbili. Wa zamani anasoma wafanyabiashara, kijana wa 1969 anasoma wanyonyaji. Hilo silo kosa, huo ni ufundi, na huyo mgeni anapita juu juu.

Neema: Mimi kinachonisumbua si neno, ni wingi. Shakespeare ana mmoja. Kiswahili kina wengi. Nani mwingine kaingizwa hapo?

Shangazi: Shylock.

Neema: Ndiyo! Katika Kiingereza jina linamtaja Antonio, Shylock anabaki mkopeshaji mbaya anayedai ratili ya nyama. Kwenye "mabepari" wote wamo, mdai na mdaiwa. Huyu anakopesha kwa riba, huyu amepakia mali kwenye meli, na jina haliulizi nani mwema.

Idi: Andika hilo Neema. Wapelekee, namba wameitoa sasa hivi.

Neema: Nimetuma. Nimewauliza kama ule wingi aliuweka kwa makusudi.

Saa 3:24

Babu: Neema.

Neema: Usiseme!

Babu: Sijasema.

Shangazi: Baba, kidole mbali na simu.

Baba Mdogo: Mimi sisikii chochote hata baada ya sekunde 40. Hilo sharti linanihusu vipi? Baba niambie.

Babu: Ana haki mtoto.

Neema: HANA

Babu: Nimemwandikia pembeni.

Baba Mdogo: Lo.

Neema: "Lo" nini??? Ba'mdogo lo ya namna gani?

Baba Mdogo: Lo ya kawaida.

Idi: Sekunde 15

Idi: Haya wanasoma. Wamesema "msikilizaji wetu Naima" 😂😂😂

Neema: Naima nani jamani

Shangazi: Shhh. Mgeni anakohoa.

Shangazi: "Hilo ni swali zuri sana."

Neema: Jibu basi.

Idi: "Ni swali ambalo mimi mwenyewe..."

Shangazi: Ah hapana. Muziki unapanda.

Neema: "Muda umetutupa mkono"!!! Saa nzima wanamsema Mwalimu kakosea, swali moja tu muda unawatupa mkono!

Baba Mdogo: Ndiyo ilikuwa hiyo lo.

Babu: Wiki ijayo nitawapigia mwenyewe. Nimeshaizima, betri zipumzike. Lala salama Naima.

Neema: Babu kwetu bado anaaga.