Nimekwama kazini, bandani ndiko napumua. Nipunguze siku za ofisi niongeze mifugo?

Mama Vifaranga

Wakuu, habari zenu. Maelezo ni marefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye swali.

Nina kuku wa mayai ishirini na wanne, mbuzi wa maziwa wawili (mmoja ana mimba) na vitalu vya mboga nyuma ya nyumba. Si biashara. Mayai yakizidi yanakwenda kwa majirani, maziwa tunakunywa wenyewe. Mchana mimi ni mtu wa takwimu, naandaa ripoti za kitengo.

Nafasi ya mkuu wa kitengo ilipobaki wazi nilikaimu, tena si kwa muda mfupi. Baadaye nikaitwa, nikamwagiwa shukrani, na nafasi akapewa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma yale majedwali. Simchukii. Ana adabu, na hiyo adabu ndiyo inayonichosha, maana angekuwa mjeuri ningejua pa kuanzia. Usiku ananitumia ripoti: "Dada, naomba uipitie kidogo." Kuipitia kidogo maana yake niiandike upya hadi saa tano, kesho yake yeye aiwasilishe.

Asubuhi ndipo ninapokuwa mtu. Nafungua banda kabla hakujapambazuka vizuri, namwaga maji ya jana, naosha vinyweshea. Kinyesi nakitazama kabla ya viota, kwa sababu kinyesi kinakuambia habari mapema kuliko yai. Kisha nakwenda kwa mbuzi. Matone ya kwanza nakamulia kwenye kikombe cheusi nione kama kuna mabonge, halafu ndiyo nakamua. Kwenye tathmini yangu ya mwaka waliandika kwamba nahitaji "kuonekana zaidi". Mbuzi wangu husikia tu komeo la mlango wa jikoni akaanza kuita.

Juzi kuku mmoja alikwama na yai. Amesimama kama pengwini, mkia chini, anakaza, hakuna kitu. Na mimi niko kwenye kikao cha mtandaoni kuhusu dira mpya ya kitengo. Nikazima kamera, nikamkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha nikamfunika taulo kwenye boksi lenye giza. Mara nasikia naulizwa, "Dada, vipi lile jedwali la robo mwaka?" Na boksini pale pale nikaona kitu. Nikasema kwa sauti kubwa, "Limetoka!" Wakanipongeza. Ikabidi nifanye kazi usiku ili liwe limetoka kweli.

Sasa swali. Kazini kuna utaratibu wa kuomba kufanya kazi siku tatu kwa wiki kwa mshahara pungufu. Tukijibana tunaweza kuishi. Nafikiria kufikisha kuku mia na kuongeza mbuzi wa tatu, viingize chochote. Je, nitakuwa naenda shambani au naikimbia ofisi tu? Waliopitia wanisaidie.

Mzee wa Samadi

Mama Vifaranga, nianze na hesabu, mengine watakuambia wengine.

Kuku wa mayai mmoja anakula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku mia ni kilo 12 kila siku, wanataga au hawatagi. Nao kuna wakati hawatagi. Wakinyonyoka manyoya unaweza kukaa miezi miwili na zaidi unalisha tu. Mtamba, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, huanza akiwa na wiki 18 hadi 20, utagaji unapanda, halafu unashuka, na ukifika mwaka wa pili ujue utawafanya nini waliochoka. Hao ishirini na wanne nina hakika wengine umewapa majina. Mia huwezi kuwapa majina. Kideri kikiingia kwenye banda la kuku mia ambao hawajachanjwa, wiki haiishi banda likiwa na kuku. Na samadi yake usiipeleke mbichi kwenye mboga, inaunguza. Iozeshe kwanza pamoja na majani makavu.

Hujauliza, ila nitasema. Huyo mbuzi mwenye mimba, bado unamkamua? Mimba ya mbuzi ni kama siku 150, na miezi miwili ya mwisho anatakiwa awe amekaushwa. Kiwele kipumzike, chakula kiende kwa mtoto.

Simba Mchovu

Acha kazi dada. Maisha mafupi.

Mzee wa Samadi

@Simba Mchovu wewe mwenyewe umeacha?

Simba Mchovu

Nasubiri mwisho wa mwezi mkuu 😂

Kijana wa Ghorofa ya Pili

Mleta mada, mimi ni kama huyo kijana. Nilipandishwa juu ya mtu aliyenifundisha kazi. Sijui mambo ya ofisini kwenu, lakini niseme tunavyoona tukiwa upande huu.

Ripoti ikirudi safi, mimi naona ripoti safi. Sioni saa tano ya usiku. Aliyenifundisha alipobadilika akaanza kunirudishia na maoni pembeni, "takwimu za ukurasa huu hazilingani na za mwezi uliopita, hakiki", ndipo nilipojua kumbe kazi ya kuhakiki ni yangu na siijui. Niliona aibu, nikajifunza. Kabla ya hapo nilidhani yuko radhi, kwa sababu hakuwahi kulalamika. Huenda pia hukuwahi kusema waziwazi kwamba unaitaka ile nafasi. Kukaimu si kuomba.

Na hilo la siku tatu lifikirie vizuri. Kilichokuchosha ni kazi isiyo na jina lako, na hiyo haihesabiwi kwa siku. Ripoti za usiku zitakufuata hata zile siku mbili ulizoacha, ila sasa utakuwa unazifanya kwa mshahara pungufu.

Bi Jembe

Mimi niliacha ajira, nikaenda na kuku. Ningerudishwa nyuma ningeacha tena, kwa hiyo msinisome vibaya.

Lakini jambo moja hakuna aliyeniambia. Zamani kuku akiacha kutaga nilikuwa namwangalia, najiuliza ana nini. Labda utitiri, labda maji yalikauka mchana, labda mwanga umepungua maana kuku anahitaji saa 14 hivi za mwanga atage vizuri. Nilikuwa na muda na ilikuwa inanifurahisha. Siku hizi kuku akiacha kutaga naona hasara imesimama na miguu miwili. Kulikuwa na kona ya vumbi walipokuwa wanaoga jioni, wanajigalagaza, mimi nimekaa kwenye ndoo nawatazama. Kona ipo bado na wao wanaoga, ila saa hiyo mimi napanga trei. Na usidhani umekimbia ujumbe wa usiku. Mnunuzi naye anaandika usiku, tena huyu hana "dada naomba".

Ukitaka kwenda, nenda ukijua unabadilisha kazi. Usiende ukidhani unaongeza mapumziko.

Mama Vifaranga

Nimesoma yote, asanteni.

Kijana, umekosea mahali pamoja tu. Niliiomba, kwa maandishi, kabla hata tangazo halijabandikwa. Barua ninayo. Sababu ya kunyimwa sijapewa mpaka leo zaidi ya hilo la kuonekana. Kwa hiyo nitaandika nyingine kuomba vigezo vilivyotumika, na safari hii nitaomba nijibiwe kwa maandishi. Sitarajii waibadilishe nafasi, nataka tu wakae waandike sababu. Ila la maoni pembeni limeniingia. Jana usiku aliniletea ripoti, nikairudisha na maoni kumi na moja na sikugusa sentensi hata moja. Akajibu "sawa dada, asante." Kisha kimya. Leo ripoti haikuwasilishwa, kikao kimesogezwa. Nilikaa pale na uso wangu wa kawaida, lakini moyoni nilicheka.

Ombi la siku tatu nimeliweka kando kwanza. Nikipunguza siku iwe ni baada ya kazi za usiku kukoma, nione bado naitaka hiyo nafuu au hapana. Kuku mia hapana. Bi Jembe, hiyo ndoo yako imenishinda. Mimi nakalia tofali, na sitaki kupanga trei saa hiyo.

Mbuzi wa tatu bado tunajadiliana nyumbani. Upande mmoja umeshinda, mwingine haujajua.

Mzee wa Samadi, mwenye mimba nilishaacha kumkamua kabla sijaandika hapa, anayekamuliwa ni mwenzake. Nilimpunguzia pumba na mashudu, namwachia majani makavu. Tatizo upande mmoja wa kiwele umelegea vizuri, wa pili bado umejaa na mgumu. Nimkamue kidogo apate nafuu?

Mzee wa Samadi

Usimkamue. Ule mjao wenyewe ndio unaoambia mwili uache kutengeneza maziwa, ukimpunguzia unaanza upya. Mguse kiwele asubuhi na jioni kwa mgongo wa mkono. Upande huo ukiwa mgumu tu lakini una joto sawa na mwenzake, mwache. Ukiwa wa moto, mwekundu, au akikataa kula au kuchechemea mguu wa upande huo, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na mwambie ana mimba kabla hajafungua mkoba wa dawa.

Na hayo maoni kumi na moja, siku nyingine weka matano. Mengine ayatafute mwenyewe.