Ruger Super Blackhawk ya zamani au mpya kwa kuwindia nguruwe pori? Naombeni ushauri

Mgosi_Texas: Wakuu, habari za wikiendi. Niko Texas mwaka wa saba, makaratasi yangu safi, tusianzie huko. Jamaa wa kazini ana shamba, nguruwe pori wamemfukua mpaka uani, kanikaribisha tukawapunguze. Nataka revolva ya .44 Magnum, Super Blackhawk. Kuna za kabla ya 1973 na za baada. Ipi bora? Usingizi sipati.

Kaka_Mtwara: Miaka saba Marekani, kwenu hujasimamisha hata msingi, unakosa usingizi kwa bastola. Haya.

Wakili_Mtaa: Kwa nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi Texas, tangu 2019 huhitaji leseni ya uwindaji. Ruhusa ya mwenye shamba yatosha.

Mgosi_Texas: Asante mkuu, ila sikuuliza leseni.

Fundi_Chuma: Tofauti iko tumboni. Ya zamani, iliyotoka 1959, inafuata ufundi wa Colt ya 1873. Ukivuta nyundo inalia mara nne, na huwezi kujaza mpaka uivute nusu. Nyundo ikilala, inakalia pini ya kufyatulia, na pini inagusa kitako cha risasi. Ikidondokea nyundo inaweza kufyatuka. Ndiyo maana wazoefu hujaza tano tu, nyundo wanailaza kwenye tundu tupu. Ya 1973 kuja huku ina kichuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu unapovuta triga. Unajaza sita. Kujaza, unafungua kimlango cha pembeni, silinda inazunguka, nyundo huigusi. Ila triga ya zamani ni tamu zaidi, hilo siwezi kukataa.

Babu_Kilwa: Mnanikumbusha gobore la marehemu babu. Unamimina baruti, unashindilia, unaomba Mungu. Siku moja alimkosa ngiri akapata mzinga wa nyuki. Tulimtafuta hadi magharibi, yumo mtoni, puani tu ndiko kumebaki juu.

Mama_Pacha: Mgosi, unauliza au ulishanunua? Huu mwandiko ni wa mtu aliyeshanunua.

Mgosi_Texas: Niliweka kianzio tu dada.

Mama_Pacha: Na iko wapi?

Mgosi_Texas: Kabatini kwangu. Ya 1968, kanithibitishia muuzaji, mzee wa heshima zake. Na jamani, chuma cha zamani kilikuwa chuma, thamani yake inapanda kila mwaka.

Fundi_Chuma: Ruger wenyewe wanabadilisha vyuma vya ndani bure na kukurudishia vya asili. Ipeleke. Unajaza ngapi?

Mgosi_Texas: Sita, si ina matundu sita? Tena juzi nilikuwa gereji, nyundo imelala, nimefungua kimlango nazungusha silinda kwa kidole natia ya sita. Nikafunga, ikaniponyoka, ikapiga sakafu kwa nyundo. Kimya. Nikajua mnatutisha bure.

Mama_Pacha: Watoto walikuwa wapi?

Mgosi_Texas: Shule.

Mama_Pacha: Na hilo kabati lina kufuli?

Mchambuzi_Huru: Chai hii, tena ya rangi. Fundi kasema juu hapo: ya zamani haijazwi mpaka nyundo ivutwe nusu. Wewe nyundo imelala na silinda inazunguka! Bastola umeiona kwenye picha. Mods, fungeni uzi.

Kaka_Mtwara: Nilijua. Mtu ana bunduki anakuja kuomba ushauri huku?

Fundi_Chuma: Taratibu. Huenda hadanganyi, kadanganywa. Mgosi, toa risasi zote, tazama ubavuni juu ya triga. Skrubu tatu ni ya zamani, pini mbili ni mpya. Halafu chukua namba yake, Ruger wana orodha ya miaka kwenye tovuti yao.

Mchambuzi_Huru: Saa tatu sasa, kimya. Chai imepoa.

Mgosi_Texas: Nilikuwa kazini. Pini mbili.

Kaka_Mtwara: Mzee wa heshima zake!

Fundi_Chuma: Basi hicho kichuma ndicho kilichokuokoa gereji. Orodha inasemaje?

Mgosi_Texas: 1981.

Fundi_Chuma: Na ulilipa bei ya 1968?

Mgosi_Texas: Mkuu, mimi niliuliza ipi bora. Bei sikuitaja, na yule mzee tunasali naye.

Mama_Pacha: Kufuli hujanijibu.