Kalamu ya wino iliyoziba: tupeane uzoefu wa kuifungua na kuisafisha

Kidau: Wakuu, kalamu ikilala na wino miezi kadhaa, maji hukauka, rangi ikabaki imeganda kwenye mifereji ya fidi, kile kiulimi kilicho chini ya nibu. Ukiandika inakwaruza karatasi tu. Mnaanzia wapi?

Tishu Nyevu: Maji, mkuu, na usiing'oe nibu kwanza. Toa katriji (kichupa cha wino) au konveta (kipampu cha kunyonyea wino kinachokaa mahali pake), loweka shingo nzima kwenye maji ya uvuguvugu saa 12 hadi 24, ukiyabadilisha kila yanapokolea. Kisha tafuta kibofu cha mpira cha kunyonyea mafua ya mtoto. Kibane kwenye tundu la katriji, finya taratibu, maji yatokee kwenye nibu. Konveta nayo inasukuma maji, ila nyingi hazibebi hata mililita 1, utachoka mkono. Maji yakitoka meupe usidanganyike: funga nibu kwa tishu nyevu dakika 10. Doa la rangi likitokea, bado kuna wino ndani.

Mwanya: Hapo kwenye tishu naunga mkono.

Fundi Nibu: Wino ukishakuwa jiwe maji hayatoshi. Amonia ya usafi isiyo na manukato sehemu 1, maji sehemu 10, tone moja la sabuni ya vyombo. Nusu saa, halafu suuza mpaka harufu iishe.

Mwanya: Fundi, taja na masharti yake. Amonia inakula shaba na aluminiamu. Na kamwe isikutane na jiki, inatoa gesi ya sumu.

Fundi Nibu: Nibu ya chuma cha pua haiguswi na mchanganyiko huo. Hilo la jiki ni kweli kabisa.

Tishu Nyevu: Wino wenye madini ya chuma je? Amonia inazidi kuugandisha. Ule unataka asidi kidogo: unga wa vitamini C kwenye maji.

Shelaki: Mmenigusa, maana kinachoua kalamu kuliko vyote hamjakitaja: wino wa kuchorea, ule mweusi wenye shelaki. Ni chembe za masizi zilizogandishwa kwa shelaki, gundi inayotolewa na mdudu. Ukikauka haurudi kwa maji. Fidi ina mfereji mwembamba kama unywele unaoshusha wino, na njia ya hewa inayopanda kushika nafasi yake. Vyote viwili vinakuwa ukuta mmoja. Mtu anafinya kibofu, maji hayapiti, anafinya zaidi, yanamrukia usoni. Anaona bora spiriti. Spiriti inayeyusha shelaki kweli, lakini inashika na mwili wa kalamu: plastiki ya seluloidi inalainika, ya akriliki inapasuka nyufa nyembamba. Bado haijafunguka, anatia maji ya moto. Fidi ya eboniti, yaani raba ngumu, inapoteza weusi wake na kupinda. Sasa imezibuka, lakini ukiitazama kwa ubavu kuna mwanya kati ya fidi na nibu, na pasipo kugusana wino haufiki kwenye ncha. Kalamu imekufa ikiwa safi!

Kidau: Duh. Sasa huyo angefanyaje?

Shelaki: Amonia ya Fundi. Shelaki inayeyuka hata kwenye amonia. Arudie mara kadhaa, bila haraka.

Mwanya: Na kuing'oa nibu?

Fundi Nibu: Inategemea kalamu. Lamy Safari, bandika utepe wa gundi juu ya nibu, ivute mbele. Pelikan M200, nibu na fidi zinafunguliwa pamoja kama skrubu, kinyume cha saa. Parker 51 ganda linalofunika nibu yake limegandishwa kwa shelaki, usililazimishe bila joto la taratibu. Zilizobanwa tu: shika nibu na fidi pamoja kwa kipande cha mpira, vuta moja kwa moja, usipindue.

Tishu Nyevu: Kurudisha ndiko wengi wanakokosea. Ufa wa nibu ukae katikati kabisa ya mfereji wa fidi. Ukisogea kidogo, wino unakatika.

Kidau: Pistoni, kile kisukumio cha kunyonyea wino, imekuwa nzito baada ya kuoshwa.

Fundi Nibu: Grisi ya silikoni, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Vaselini hapana, inavimbisha raba.

Mwanya: Na iache usiku kucha nibu ikiangalia chini kwenye tishu kabla ya kutia wino. Maji yaliyobaki kwenye fidi yataupausha mwanzoni.