Msindano juu ya msindano: ardhi imechoka au tunaichosha?

Mwenye uzi
Wadau, nina ekari tatu Mufindi. Misindano ya kwanza alipanda baba, tukavuna, tukachoma mabaki, tukapanda tena. Mzao wa pili nimeukata ukiwa na miaka 9, ada za watoto hazisubiri. Sasa wa tatu una miezi 14 na unanichanganya. Miche mingi haijafika magotini na sindano (majani yake) za chini zimekuwa za njano. Ila pale tulipochomea rundo la matawi, imenawiri utadhani shamba la mtu mwingine. Jirani anasema msindano umetia ardhi sumu, ning'oe nipande parachichi. Mnasemaje?

Fundi kitalu
Sumu kivipi, mkuu? Mimi nazalisha miche, na kwenye viriba nachanganya udongo uliochotwa chini ya misindano mikubwa. Bila huo, miche inadumaa. Mizizi ya msindano inategemeana na kuvu, ule utando mweupe ukifukua. Miti hii si ya kwetu, na kuvu wake ilibidi waletwe pia. Shamba lililokwisha kubeba msindano tayari linao. Halafu pita palipoungua uone maotea, miche inayojiotea yenyewe, yalivyobanana. Penye sumu pangeota hivyo?

Dada wa udongo
Kuota si kukua, kaka. Mche unaanza kwa akiba ya mbegu, shida inakuja akiba ikiisha. Mti unanyonya kalsiamu, magnesiamu na potasiamu miaka yote, na ukiubeba umeondoka navyo. Sindano nazo zinaoza taratibu na kuongeza tindikali, wakati udongo wetu mwekundu unayo tangu zamani. pH, kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5, alumini iliyotulia kwenye udongo inayeyuka, inaumiza ncha za mizizi na kuing'ang'ania fosforasi mche usiipate. Majivu yanapunguza tindikali na kurudisha potasiamu, ndiyo maana kwenye rundo panapendeza. Lakini naitrojeni ya yale matawi ilishaondoka na moshi, na majivu ya ekari tatu yamenufaisha hatua kumi za mraba.

Mzee wa misitu
Binti kasema vizuri, ila msiuhukumu mti. Msindano unavumilia tindikali kuliko mahindi. Kule Usutu, Swaziland (siku hizi Eswatini), mtafiti Julian Evans alianza mwaka 1968 kupima patula, aina ya msindano, mzao kwa mzao kwenye maeneo yaleyale. Ukuaji haukuporomoka, isipokuwa sehemu ndogo yenye udongo uliotokana na mwamba wa gabro, ambako fosforasi ni haba. Kwa hiyo uliza udongo wako umetokana na nini, na umebeba nini. Miaka 9! Mti mchanga ni maganda, matawi na sindano, mbao kidogo, na virutubisho vimejaa hukohuko. Menya magogo shambani, maganda yabaki. Matawi usichome, yatandaze kati ya mistari.

Mpenda parachichi
Shikamoo mzee. Na moto wa kiangazi ukikuta matawi yametandazwa? Huku mwaka hauishi bila mtu kuandaa shamba lake na kuunguza la mwenzake. Kusubiri msindano ukomae miaka 18 kunamfaa mwenye mshahara. Parachichi naanza kuchuma mwaka wa 3.

Dada wa udongo
Hoja ya moto naikubali, safisha barabara ya moto, ule ukanda mtupu wa kuuzuia, kwanza. Ila tuseme ukweli: kila shimo la parachichi unalitilia ndoo mbili za samadi, na msindano hujawahi kuupa hata kijiko. Halafu msindano ndio unamaliza ardhi! Hilo parachichi lipande kavukavu kwenye udongo huohuo uone.

Mwenye uzi
Nimerudi. Leo asubuhi nimeng'oa mitatu iliyodumaa. Miwili mizizi yake ni mifupi, minene, ncha za kahawia, matawi madogo hakuna. Naona ndiyo ile alumini ya dada. Wa tatu nimeukuta bado umevaa kiriba, kijana wa kibarua hakukichana, mizizi imejizungusha humo ndani kama kamba. Huo siusingizii udongo. Kesho nachukua sampuli kwenye rundo na nje ya rundo, nipeleke zote mbili zikapimwe. Fundi kitalu, na wewe nahitaji miche 200 ya kuziba mapengo, bei gani?