Presha ya baba ni nzuri akiwa amelala, akisimama anaanguka. Wodini wanasema ni uzee

BintiMuheza
Habarini wanajukwaa, na wakubwa shikamooni. Baba yangu ana miaka 78, amelazwa kwa homa ya mapafu. Homa imeshuka na kifua kimefunguka, tulikuwa tunasubiri ruhusa tu. Jana alfajiri akaamka kwenda chooni, kabla hajaufikia mlango magoti yakalegea, akaenda chini. Shavu limevimba, ila namshukuru Mungu hakuvunjika. Nesi alimpima presha tulipokwisha kumrudisha kitandani: 146/82. Akasema iko vizuri, huo ni uzee tu.

Sikubaliani naye. Kabla ya kuugua baba alikuwa anapalilia mihogo yake mwenyewe. Sasa akisimama anasema miguu imeishiwa nguvu, macho yanaingia giza, na shingo na mabega yanamuuma. Akilala yote yanakwisha. Ana kisukari cha muda mrefu, ana presha ya kupanda (amlodipine) na tezi dume (tamsulosin), na hapo wodini wamemwongezea furosemide (dawa ya kutoa maji mwilini) kwa sababu miguu ilivimba. Tena anajinyima maji makusudi ili asituamshe usiku. Ndugu wanataka tumpe maji ya chumvi na glukosi. Je, tumwachishe dawa za presha?

SistaMstaafu
Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi wodi za wazee na za upasuaji mpaka nikastaafu, na jibu la "ni uzee" huwa linaniudhi sana. Kuna kitu kinachomwangusha baba yako na kinapimika.

Mtu akisimama, damu kama nusu lita au zaidi inashuka miguuni na tumboni. Mwili wenye afya unastuka papo hapo: mishipa inabana, moyo unaongeza mapigo, kichwa hakikosi damu. Kwa mzee aliyelala kitandani siku nyingi, aliyepungukiwa maji kwa homa na kisukari kimemla mishipa ya fahamu, mstuko huo unachelewa au hauji kabisa. Kwa hiyo ile 146/82 ni ya kitandani. Haikuambii lolote kuhusu dakika aliyoanguka.

Mwombe nesi wa zamu, kwa upole lakini usiondoke mpaka apime: baba alale kimya dakika 5, apimwe presha na mapigo. Kisha asimame, wewe umeshika upande mmoja na kiti kiwe nyuma yake, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, hiyo ndiyo presha ya kushuka kwa kusimama. Akilegea kabla ya dakika 3, mrudisheni alale, msimlazimishe. Wapime asubuhi, ndiyo saa mbaya zaidi. Na wasingoje aseme "kizunguzungu", wazee wengi hawakisikii. Wanasema kama alivyosema baba: miguu, giza, mabega. Wengine wanachanganyikiwa kidogo tu.

Chumvi na glukosi msimpe. Ana presha na kisukari, mtamletea jingine. Ila sukari yake ipimwe pale anapolegea, maana sukari ikishuka nayo inaangusha. Na dawa msiziguse wenyewe.

MfamasiaMoro
Nakazia hapo kwa sista. Dada, dawa zote tatu ulizotaja zinaweza kuchangia. Tamsulosin inalegeza misuli ya njia ya mkojo lakini inagusa na mishipa ya damu. Furosemide inamtoa maji ambayo tayari hana. Jambo moja mwulize daktari wa raundi bila kuogopa: amlodipine yenyewe huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu. Kama uvimbe umetokana na amlodipine, furosemide haina kazi hapo, inamkausha tu. Daktari ataangalia moyo na figo kwanza, halafu ataamua. Beba vidonge vyote, hata vya duka la dawa, hasa amitriptyline kama anameza kwa ajili ya ganzi ya miguu, maana nayo inaweza kuchangia.

MwanaLikoni
Pole dadangu. Mamangu aliangukia kwenye choo cha kuchuchumaa, hospitali moja huku Pwani, baada ya kuogeshwa maji moto sana. Tukamwinua kwa mikono tukidhani ameteleza tu. Kumbe nyonga ilikuwa imevunjika: mguu umekuwa mfupi na kidole gumba kimegeukia nje. Hakutembea tena bila magongo. Maji yawe vuguvugu, na aoge ameketi.

BintiMuheza
Shikamoo tena mama. Wamepima leo asubuhi. Amelala 148/84, mapigo 78. Dakika 1 amesimama 116/68. Dakika 3: 112/66, mapigo 82. Daktari ameisimamisha furosemide kwa sasa, kesho wanamwangalia moyo. Baba anaona haya kukojoa kwenye chupa mbele yangu.

SistaMstaafu
Marahaba. Imeshuka 36, na mapigo yamepanda 4 tu. Angekuwa amekauka maji peke yake, mapigo yangekimbia. Kwa hiyo mwambie daktari huenda kisukari kimegusa mishipa ya fahamu inayoendesha moyo, naamini naye ameliona. Hilo halitoki kwa dripu, ila linaweza kudhibitiwa.

Aibu anayoona baba ni ya kweli, usiipuuze. Tafuta kaka au mjukuu wa kiume alale naye usiku, chupa iwe mkononi mwake. Zungusheni mpini wa kitanda, upande wa kichwa uinuke. Alfajiri, kabla hajashusha miguu, anywe maji glasi mbili, kama daktari hajamzuia maji kwa ajili ya moyo. Akae ukingoni, akunje na kunyoosha vifundo vya miguu, azungumze nawe kidogo. Majibu yake yakiwa sawa, ndipo asimame. Chakula kidogo kidogo mara nyingi, maana sahani kubwa ya ugali nayo inashusha presha baada ya kula.

Na choo cha nyumbani kikoje? Kama ni cha kuchuchumaa, fundi afunge bomba la kushikia ukutani kabla hamjaruhusiwa, au mtoboe kiti cha plastiki mkiweke juu ya tundu.

BintiMuheza
Ni cha kuchuchumaa. Nampigia fundi sasa hivi.