Tupeane uzoefu: bendi laivu kwenye kumbi za vyuo Dar

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kila mwaka kamati mpya ya wanafunzi inakabidhiwa ukumbi, bendi na tarehe, huku kamati iliyotangulia imeshahitimu na kuondoka na maarifa yake. Matokeo tunayajua: maiki zinapiga mluzi, umeme unakatika katikati ya wimbo, watu wanatoka wakisema bendi ni mbovu kumbe bendi haina kosa. Habari za nani alimwona nani jukwaani zina uzi wake. Hapa tuweke yale yanayomsaidia mtu kuandaa onyesho likasikika.

Naanzia kwenye jengo. Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliokaa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla sarafu haijaingia mwaka 2014, ni wa mikutano, mihadhara na makongamano. Kumbi nyingi za vyuo vya jiji hili ni hivyohivyo: zege, kuta ngumu, viti vya kumsikiliza mtu mmoja anayeongea. Ukiiingizia bendi ya watu kumi na mbili, tumba na tarumbeta mbili, ukumbi wenyewe unageuka chombo cha kumi na tatu, tena kisichojua wimbo. Mafundi, karibuni.

Fundi mitambo, Sinza

Ahsante mkuu. Watu wanadhani dawa ya ukumbi unaorudisha sauti ni kuongeza spika. Ni kinyume chake kabisa.

Fanyeni hesabu hii. Joto likiwa nyuzi 30, sauti inatembea kama mita 349 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 25 kutoka kwa mpiga drums, pigo lake linakwenda na kurudi mita 50, na analisikia tena baada ya milisekunde 143. Wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo moja ni milisekunde 125. Kwa hiyo mwangwi unamfikia kwa kuchelewa kidogo tu nyuma ya robo ya pigo, mahali pabaya kuliko pote, maana sikio linaufananisha na pigo halisi. Wimbo ukiwa bado taratibu anaweza kuvumilia. Ukiingia chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, anaanza kuufuata mwangwi, wimbo unazidi kuzorota, mpiga besi anamvutia mbele, na watu wanasema bendi haikufanya mazoezi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuzuia ukuta wa nyuma usipigwe na sauti. Pandisha spika kubwa ziwe mita 2 hadi 2.5 kutoka sakafuni, kisha uziinamishe kidogo ili zielekee vichwa vya watu walio theluthi ya mwisho ya ukumbi. Spika iliyosimamishwa wima juu ya meza inapeleka sehemu kubwa ya nguvu yake ukutani na darini. Ukiweza kupata mapazia mazito, yatundike ukuta wa nyuma kwa kuacha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya kitambaa na ukuta. Likibandikwa ukutani moja kwa moja, pazia linanyonya milio ya juu peke yake. Kanga na vitenge vya mapambo ni vizuri kwa macho, ila kwa sauti ni vyepesi mno.

Kama ukumbi ni mrefu, weka jozi ndogo ya spika katikati na uzicheleweshe. Kila mita moja ni milisekunde 2.9, kwa hiyo zikiwa mita 20 mbele ya zile kubwa unaweka 58, halafu unaongeza 10 hivi ili sikio liendelee kuamini kwamba sauti inatoka jukwaani. Ukisahau kuchelewesha, waliokaa nyuma wanasikia kila neno mara mbili.

Jambo la mwisho, nalisema kwa msisitizo kwa sababu linawaponza hata mafundi wazoefu. Saundi cheki inafanyika ukumbi ukiwa mtupu. Miili ya watu inanyonya sauti ya kati na ya juu, besi hainyonywi kiasi hicho. Fundi anasikia milio ya juu imezidi saa kumi jioni, anaikata. Saa mbili usiku watu wamejaa, maneno hayasikiki na besi inavuma. Saundi cheki iwe ya kuhakikisha kila laini inafika na mluzi umedhibitiwa. Rangi ya sauti itengeneze kwenye wimbo wa kwanza watu wakiwa ndani, na mwambie kiongozi wa bendi mapema achague wimbo wa kufungulia ambao una waimbaji wote na vyombo vyote.

Mpiga rhythm, Temeke

Fundi wa Sinza umesema kweli, lakini nusu ya tatizo tunalitengeneza sisi wapigaji. Bendi ya dansi ina solo, second solo, rhythm na besi, na utamu wa chemko unatokana na gitaa hizo kupishana, kila moja inaingia pale nyingine ilipoacha tundu. Amplifaya zikifunguliwa kama tuko ukumbi wa wazi wa baa, matundu yote yanajaa mwangwi, na kazi ya second solo inapotea. Ziweke juu ya kiti au kreti, zikuelekee masikioni badala ya magotini, na utashangaa namba ya sauti unayohitaji ilivyo ndogo. Tarumbeta na saksafoni kwenye ukumbi wa watu mia tatu hazihitaji msaada mkubwa. Wape maiki kwa ajili ya kurekodi na kuziba pengo tu.

Kuna suala la joto pia. Ukumbi ukijaa, joto linapanda, na hapo vyombo vinaachana: tarumbeta na saksafoni sauti yake inapanda kadiri hewa ndani yake inavyopata joto, wakati nyuzi za gitaa zinatanuka, zinalegea na kushuka. Kwa hiyo mliotyuni pamoja alasiri mtakuwa mmekosana ifikapo wimbo wa tatu. Wapuliza wapashe vyombo moto dakika kumi kabla ya kutyuni, kisha wapiga gitaa wawafuate wao. Mashine ya kutyuni iwe miguuni, na kila baada ya nyimbo mbili mwimbaji aongee na watu nusu dakika tuangalie nyuzi. Nyuzi mpya zifungwe siku moja kabla. Zikifungwa siku ya onyesho zinaendelea kuvutika usiku kucha.

Fundi umeme, Tabata

Naomba wanakamati wasome hapa taratibu, sauti mbaya inaudhi lakini umeme unaua.

Kwanza mzigo. Taa za zamani za wati 1,000, kumi na mbili, ni wati 12,000, na kwa volti 230 hiyo ni ampea 52. Taa kumi na mbili za LED za wati 150 ni wati 1,800, hazifiki ampea 8. Ukikodisha taa, uliza kwanza ni za aina gani, maana jibu hilo ndilo linaloamua kama ukumbi utaweza. Taa na muziki visikae kwenye fezi moja kama kuna uwezekano. Dima za taa (vipunguza mwanga) zinaingiza mlio wa nyuki kwenye spika.

Pili, pima kabla hujachomeka. Kwenye umeme wa fezi tatu, waya wa nyutro ukilegea, volti ya fezi yenye mzigo mdogo inaweza kupanda kuelekea 400. Hapo mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), kinanda na amplifaya vinaungua kwa pamoja ndani ya sekunde chache, na breka haitashtuka kwa sababu yenyewe inaangalia ampea, haiangalii volti. Chukua multimita, pima kila fezi kwa nyutro. Ukiona moja ni 250 na nyingine 205, usichomeke chochote, ita fundi wa jengo.

Waya: ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita za mraba 2.5, ikibeba ampea 16, inapoteza volti kama 9 njiani. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kuacha waya umezungushwa kwenye kigurudumu chake. Joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka. Ufungue wote, hata kama unahitaji mita tano.

Halafu ile tabia ya kukata au kuziba pini ya ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) ili gitaa isivume. Msifanye hivyo, tafadhali. Mwimbaji anayepiga gitaa ana mkono kwenye nyuzi na mdomo kwenye maiki. Amplifaya yake isiyo na ethi ikivuja, umeme unapita kifuani kwake. Mvumo unaondolewa kwa DI boksi (kisanduku cha kuunganisha chombo na mikisa) yenye swichi ya kutenganisha ethi ya laini ya sauti, na kwa kulisha vyombo vyote vya jukwaani na mikisa kutoka chanzo kimoja.

Jenereta: iliyoandikwa kVA 25 inatoa kilowati 20, usiipe zaidi ya robo tatu ya hapo. Swichi ya kubadilishia iwe ile isiyoruhusu jenereta na TANESCO kuungana hata sekunde moja, maana umeme wako ukirudi kwenye nguzo unamkuta fundi aliyepanda akiamini laini imekufa. Mikisa ya dijitali ipewe UPS ndogo (betri ya akiba). Umeme ukikatika sekunde mbili tu, yenyewe inaweza kuchukua dakika nzima kuamka. Kuwasha: mikisa kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume.

Kamati ya burudani, Mlimani

Nashukuru sana kaka zangu. Upande wa ratiba: onyesho la kiingilio liwekwe bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likiwa limeshaingia, na lisisogelee UE (mitihani ya mwisho wa muhula) kwa wiki tatu. Barua ianzie kwa Mshauri wa Wanafunzi, kisha muende kwa ofisa utamaduni wa manispaa (kwa kampasi kuu ni Ubungo) awaelekeze suala la kibali. Sanaa iko chini ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), hakimiliki iko COSOTA (ofisi ya hakimiliki). Mfungue pazia saa kumi na mbili na nusu, mmalize saa nne usiku. Wa Mabibo hosteli wanaondoka mapema kama hawajui watarudije, kwa hiyo kodini daladala ya kurudi na muitangaze kwenye tiketi.

Swali: viti vimefungwa sakafuni, watu wakitaka kucheza na kutunza (kuwapa wanamuziki fedha jukwaani) inakuwaje?

Mpiga rhythm, Temeke

Dada, achieni mita tatu au nne mbele ya jukwaa, safu za mwanzo msiziuze. Kwenye kutunza, wekeni ngazi mbili: wanapanda kulia, wanashuka kushoto, na mtu mmoja wa kamati asimame pale. Nyaya zote za mbele zipite chini ya zulia au zibandikwe kwa utepe wa kitambaa. Mwimbaji akifuatwa na watunzaji huwa anasogea mbele, maiki inaingia usoni mwa spika, mluzi unaanza. Bandikeni mstari sakafuni mita moja nyuma ya spika, na mumwonyeshe mapema.

Fundi mitambo, Sinza

Nyongeza kwenye monita, yaani spika za jukwaani za kumsikilizisha mwimbaji. Maiki ya kawaida ya uimbaji ni kiziwi mgongoni, kwa hiyo monita ikae mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia wa maiki. Zile za supercardioid (zinazosikia upande mwembamba zaidi wa mbele) ukiziwi wake uko pembeni kidogo, kama nyuzi 126 kutoka mbele, hivyo monita mbili zikae kushoto na kulia. Na waimbaji wasifunike kichwa cha maiki kwa kiganja, uwezo wake wote wa kuchagua upande unakufa hapohapo.

Mrekodi sauti, Ilala

Nilikuwa nasubiri mtu ataje kurekodi. Maonyesho ya vyuoni yamepotea mengi, na yaliyobaki ni vipande vya simu. Omba laini mbili kutoka kwenye mikisa, kisha simamisha maiki mbili zako katikati ya ukumbi. Laini za mikisa peke yake zinadanganya: kwa kuwa tarumbeta zinasikika zenyewe, fundi amezishusha, na kwenye rekodi hazipo. Maiki za ukumbini zinazirudisha, pamoja na makofi. Unapochanganya, laini za mikisa zicheleweshe kwa umbali wa maiki, hesabu ileile ya 2.9 kwa mita.

Stereo ya biti 24 na 48 kHz inakula kama gigabaiti 1 kwa saa. Chaneli 16 ni kama 8.3. Kadi iliyofomatiwa FAT32 haikubali faili moja kupita gigabaiti 4, na kuna mashine zinazosimama kimya zikifika hapo, kwa hiyo jaribu yako nyumbani kwa kuiacha irekodi usiku kucha. Kabla watu hawajaingia, tamka kwenye maiki tarehe, ukumbi, jina la bendi na la kila mpigaji na chombo chake. Faili hubadilishwa jina, karatasi hupotea, lakini maneno yaliyo ndani ya rekodi yanahama nayo. Nakala moja wape bendi usiku uleule, nyingine ipelekeni maktaba ya chuo.